LIKIZO BILA MKATE: Safari ya Kathiani na mtoto asiyekula ngano

Kwetu pwani heshima ya mgeni hupimwa kwa unga wa ngano. Mgeni akitarajiwa asubuhi, mahamri hukandwa tangu usiku yakaachwa yaumuke. Akija adhuhuri, sahani ya sambusa hutangulia pilau. Akija jioni hupewa chai kwa mkate wa mayai, na akiondoka hufungiwa biskuti za kuwapelekea watoto. Mwezi wa Ramadhani meza ya futari hujaa kaimati na tambi. Hata bokoboko, chakula cha siku kubwa, ni ngano iliyopondwa pamoja na nyama. Kwa hiyo mtu akisema, "Mimi sili ngano," wanaomsikia hudhani moja kati ya mambo mawili: ama ana maringo, ama hataki kula nyumbani kwa mwenzake.

Mimi nina binti wa miaka 9 ambaye hali ngano. Si kwa maringo wala kwa kufuata mitindo ya Ulaya. Hali kwa sababu ngano humdhuru. Mwezi wa Agosti 2023, shule zilipofungwa, tulimchukua likizo kwenda Kathiani, katika kaunti ya Machakos, kwa wakwe wa ndugu yangu. Tuliondoka Mombasa na hofu kubwa kuliko mizigo tuliyobeba, kwa kuwa mtoto mwenye maradhi haya nyumbani hulindwa na mama yake, lakini njiani na ugenini hulindwa na nani? Yale tuliyoyaona huko naona yanafaa kuwafikia wasomaji, hasa wale wenye mtoto kama huyu bila kujijua.

GLUTENI NI KITU GANI?

Kila aliyewahi kukanda unga wa chapati anaijua gluteni, ingawa huenda hajapata kulisikia jina lake. Ni ile nguvu inayoufanya unga uvutike kama mpira bila ya kukatika, na ndiyo inayoishika hewa ya hamira hata hamri likafura likawa tupu ndani. Jaribu kuukanda hivyo unga wa mahindi au wa mchele, utakukatikia mkononi. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, na jamaa zake wa karibu wamo katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai.

Kwa watu wengi protini hii haina neno. Lakini kwa mwenye ugonjwa uitwao siliaki, askari wa mwili huiona gluteni kuwa ni adui, wakaanzisha vita, na katika vita hivyo kinachoumia ni utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo sana mfano wa manyoya ya zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vikilala na kuliwa na maradhi, mtu hula akashiba, na mwili wake ukabaki na njaa.

Ndivyo alivyokuwa binti yangu. Tumbo lilikuwa limejaa hewa, kuharisha hakukatiki, damu haimtoshi, na kimo kimesimama hata mdogo wake akakaribia kumfikia. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akatibiwa malaria. Jirani mmoja alituambia kwa siri kwamba mtoto ana jicho la mtu. Mwishowe daktari mmoja wa watoto akaamuru damu ipimwe kutafuta dalili za siliaki, kisha mtoto akapitishiwa mpira mwembamba wenye kamera mpaka utumboni, na kipande kidogo kikachukuliwa kwenda kupimwa. Jibu likapatikana.

Na dawa? Hakuna kidonge wala sindano. Dawa ni kuiacha ngano, shayiri na rai maisha yote, na kuacha huko si kupunguza. Kwa kanuni za kimataifa za chakula, kitu huhesabiwa hakina gluteni ikiwa gluteni yake haizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Hebu fikiri udogo wa kiasi hicho! Makombo ya mkate yaliyosalia juu ya kibao, au mafuta yaliyokaangiwa mandazi, yaweza kumpitisha mtoto mpaka huo.

Ajabu ni kuwa ulimwengu haujaijua siri hii kwa muda mrefu. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza ugonjwa huu mwaka 1888 na akaona kwamba tiba, kama ipo, itakuwa katika chakula, lakini asijue ni chakula gani. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeikamata ngano. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ukakosekana nchini. Watoto wengine walidhoofika kwa njaa, na wale wagonjwa wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua.

Wala asitokee mtu akasema haya ni maradhi ya Wazungu. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi huko Aljeria, ambako ngano ndiyo chakula kikuu, watoto wa Kisahrawi walipimwa katika miaka ya 1990 ikaonekana kwamba karibu 56 katika kila 1,000 wanao ugonjwa huu. Hao ni Waislamu wenzetu na Waafrika wenzetu. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa ni mtu mmoja katika kila 100.

TUMEZOEA KUULIZA

Katika jambo hili sisi Waislamu tunayo faida moja ambayo wengine hawana, nayo ni kwamba tumezoea kuuliza kabla ya kula. Nani amechinja? Mafuta haya ni ya nini? Sufuria hii imepikiwa nini kabla? Mtoto wa Kiislamu hukua akijua kwamba chakula kinaweza kupendeza macho na kunukia vizuri, na bado kikawa si chake. Tulipomweleza binti yetu habari ya ngano, hakuona ajabu. Alisema tu, "Basi tutauliza maswali mawili."

Nasisitiza hapa, nisije nikafahamika vibaya, kwamba ngano si haramu. Ni neema ya Mwenyezi Mungu, na asiye na maradhi aile kwa raha zake. Lakini dini yetu haimruhusu mtu kujidhuru kwa kujua, na kile ambacho ni shifaa kwa mmoja huweza kuwa sumu kwa mwingine.

Njiani maswali hayo mawili yalitufaa. Basi letu lilisimama ili abiria wapate chakula, katika mkahawa mmoja wa kando ya barabara kuu. Nyama ni halali, tukaoneshwa na cheti. Tukaagiza wali na mchuzi. Mhudumu akaapa kwamba mchuzi hauna ngano, maana, alisema, "Mchuzi si mkate." Mke wangu hakutosheka, akaenda mwenyewe mpaka dirisha la jikoni akamwuliza mpishi. Mpishi, bwana mpole aliyekuwa akitoka jasho, akajibu bila kuficha kwamba mchuzi huutilia vijiko viwili vya unga wa ngano upate uzito. Mtoto akala wali mkavu kwa ndizi mbivu na yai la kuchemsha, tukaendelea na safari.

Fundisho la kwanza ndilo hilo: usimwulize anayeleta sahani, mwulize anayeshika mwiko. Wala usiulize, "Kuna gluteni?" maana neno hilo wengi hawalijui. Uliza, "Umetia unga wa ngano? Umekaanga chapati au mandazi katika mafuta haya?" Hapo utapata jibu la kweli.

VILIMA VYA IVETI

Tulishuka Kyumbi, pale panapoitwa Makutano ya Machakos, tukapanda matatu kuingia mjini, kisha nyingine ya kwenda Kathiani. Barabara huzunguka vilima vya Iveti, na msafiri wa pwani aliyezoea minazi na upepo wa chumvi hujiona yu katika dunia nyingine. Mwezi wa Agosti huko ni wa baridi, na asubuhi ukungu hukaa juu ya mabonde. Miteremko yote imekatwa matuta kama ngazi, mahindi huku, kahawa kule, na mibaazi imesimama kandokando. Matuta hayo si ya jana. Ni kazi ya jembe na mikono ya vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, iliyoiokoa ardhi ya Machakos ambayo wakati wa ukoloni wataalamu walikwisha kuihesabu kuwa imekufa.

Ukweli ni kwamba pwani na Ukambani si wageni kwa wageni. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka na pembe za ndovu mpaka Mombasa kabla ya reli kufikiriwa, na mmisionari Ludwig Krapf alipotaka kufika Ukambani mwaka 1849 aliifuata njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara hao. Hata leo, zile mbaazi tunazozila asubuhi kwa tui zito, tukadai kuwa ni chakula cha Mswahili, sehemu kubwa hulimwa Machakos, Makueni na Kitui. Mkamba huziita nzuu. Yeye hulima, sisi hutia nazi.

CHAPATI ZA MAMA

Tulipokelewa kwa furaha. Mbuzi alikuwa amefungwa chini ya mwembe, wala hakuna aliyemgusa mpaka ndugu yangu alipofika akamchinja kwa mkono wake, maana wenyeji wetu ni Wakristo na walitaka tule bila shaka yoyote moyoni. Hiyo ni adabu ya hali ya juu, na mimi nimeiona katika nyumba nyingi za bara zilizochanganya damu na Waislamu.

Lakini jikoni mambo yalikuwa mengine. Shemeji yangu alikuwa amepiga simu wiki nzima kabla kueleza habari za mtoto. Hata hivyo, mama yake, bibi wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa amenunua pakiti nne za unga wa ngano, na tulipoingia chapati zilikuwa zimepangwa kama mnara. Alidhani mtoto amekatazwa mkate wa dukani. Chapati iliyosukumwa nyumbani kwa mikono safi, itamdhuru vipi?

Mke wangu akapiga magoti karibu na jiko, akamweleza polepole.

"Mama, huyu mjukuu wako ngano yoyote humwumiza, hata iwe safi namna gani."

"Sasa nitampa nini?" akauliza mama, na uso ukamwanguka. "Wageni wametoka Mombasa. Hapa hakuna kitu kingine ila muthokoi tu."

"Muthokoi una ngano, Mama?"

"Ngano itoke wapi? Ni mahindi yetu na nzuu zetu."

"Basi huo ndio anaoutaka."

Mama akamtazama kana kwamba anafanyiwa mzaha. "Mwanangu, muthokoi ni wa kila siku. Mgeni hapewi muthokoi. Jirani akipita akaona nimewapa wakwe zangu muthokoi, atasema nini?"

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo lilipo. Kathiani, kama Mombasa, ngano ni heshima. Chapati huliwa Krismasi, arusini na siku ya mgeni, na chakula cha shamba hufichwa jikoni mgeni asikione. Ngano yenyewe, sehemu kubwa ya inayoliwa nchini Kenya, huja kwa meli kutoka ng'ambo na kuteremshwa bandarini kwetu. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ametoa pesa zake kununua kitu kilichopita mlangoni kwangu, anipe mimi kama heshima, ilhali kile ambacho mtoto wangu anakihitaji kilikuwa ndani ya gunia lake mwenyewe, naye akikionea haya!

Ndugu yangu akaliona hilo, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, tangu nimwoe binti yako nasikia sifa za muthokoi wako. Leo nitaondoka bila kuuonja?" Bibi akacheka. Chapati hazikutupwa, kwani neema haitupwi. Watu wazima walizila nje chini ya mti, wakanawa mikono vizuri. Jikoni mwiko ulisuguliwa, kibao cha kusukumia kikatolewa, na sufuria ikaoshwa kwa majivu na maji ya moto. Kisha chungu kikapandishwa juu ya mafiga.

MAHINDI YALIYOVULIWA KOTI

Muthokoi ni ndugu wa makande na wa pure tunayoijua pwani, ila una kazi zaidi. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatiwa kinuni na kutwangwa kwa mchi, si mpaka yawe unga, bali mpaka ganda la juu litoke. Kisha huanikwa na kupepetwa kwa ungo, makapi yakaenda kwa kuku. Kinachobaki ni punje nyeupe laini, ambazo huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharage, kunde au mbaazi, halafu zikakaangwa kwa vitunguu na nyanya. Siku hizi wengi hununua mahindi yaliyokobolewa mashineni, lakini mama huyu bado ana kinu chake, na wajukuu wake wasichana walimfundisha binti yangu kupokezana mchi, wawili wawili, bila kugonganisha.

Nisisitize pia kwamba chakula cha shamba nacho kina masharti yake. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni, Kitui na Machakos na jirani zake, watu 317 walipatwa na sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo aflatoksini, na 125 wakafariki. Mahindi yao yalikuwa yamehifadhiwa na unyevu. Tangu hapo mwenye busara hukausha mahindi yake sawasawa, huyahifadhi juu ya ubao mbali na sakafu, na hutupa punje zilizooza au kubadilika rangi. Wataalamu wameona pia kuwa kule kukoboa kwa muthokoi hupunguza sumu hiyo, kwa kuwa sehemu yake kubwa huwa katika ganda. Hata hivyo kukoboa hakumsaidii mwenye mahindi mabovu.

Jambo jingine ni mashine ya kusagia. Ikiwa mashine imesaga ngano ya mtu asubuhi, unga wako wa mahindi au wa wimbi utatoka na mabaki yake. Vilevile unga wa uji wa kuchanganya unaouzwa katika pakiti, mara nyingine hutiwa ngano ndani. Mama yeye wimbi lake na mtama wake husagwa katika mashine ya kijijini isiyopita ngano, na uji wake, ambao Wakamba huuita usuu, ndio uliomtia mtoto joto asubuhi zile za baridi.

Usiku ule chakula kilipakuliwa katika sinia moja kubwa, kama tulivyozoea kwetu. Binti yangu, kwa desturi aliyoizoea nyumbani kwa mwaka mzima, akaenda kukaa pembeni akingoja kisahani chake chenye kifuniko. Mama mwenyewe akamwita, "Wewe, njoo hapa karibu na mimi." Mtoto akanitazama akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, hiki cha wote?" Nikamwambia, "Naam, hiki cha wote." Akaja, akakunja miguu, akatia mkono katika sinia moja na binamu zake.

Wasomaji, mtu asiyekuwa na mtoto wa namna hii hawezi kuujua uzito wa jambo hilo. Sisi tulikuwa tumemponya tumbo, lakini tulikuwa tumemtenga na sinia. Kila arusi, kila maulidi, kila futari, yeye alikuwa na kibakuli chake pembeni, na watoto wenzake wakimwuliza ana nini. Kathiani kwa muda wa siku 6 hakuna aliyemwuliza kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kuuliza. Asubuhi usuu, au viazi vitamu, au majimbi, ambayo kule huitwa nduma, na chai. Mchana ugali kwa nyama au sukuma wiki. Usiku muthokoi, au isyo, ambayo ni mahindi na maharage bila kukobolewa. Hakuna hata kimoja kilichopikwa kwa ajili yake. Vilikuwa vimepikwa kwa ajili ya watu.

SIKU YA BUSTANI

Watoto hawaendi likizo kwa ajili ya mboga. Siku ya 4 walidai kupelekwa Machakos mjini, kwenye bustani ya Machakos People's Park, iliyofunguliwa mwaka 2014 karibu na bwawa la Maruba. Ni mahali pazuri pa familia, pana nyasi za kukalia na mahali pa watoto kuchezea.

Lakini kila penye bembea pana vibanda, na kila penye vibanda pana harufu ya kukaanga. Nimesoma kwamba huko Florida, Marekani, katika Walt Disney World, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1971, mgeni asiyekula ngano huletewa orodha ya vyakula iliyopangwa kwa ajili yake, na mpishi huja kuzungumza naye mezani. Jambo jema. Sisi ambao hatuna orodha tuna kiondo. Mama alitufungia muthokoi katika sufuria yenye kifuniko, viazi vitamu, ndizi, njugu na mayai.

Binamu mmoja, kijana wa kidato cha pili, alikataa katakata kukibeba kiondo kile. "Watu watatucheka," akasema. "Bustani huja watu wa Nairobi." Hakuwa na kosa, hivyo ndivyo alivyofundishwa na dunia, kwamba chipsi ni maendeleo na muthokoi ni ushamba. Nikakibeba mimi.

Karibu na mahali pale tulimwona mama mmoja akikaanga viazi. Tukamwuliza maswali yetu mawili. Akajibu kwa uwazi, "Mafuta ni ya mmea, nyama sina. Lakini asubuhi nimekaanga mandazi humuhumu." Tukamshukuru kwa ukweli wake, tukanunua soda. Watoto wengine walikuwa huru kula chipsi zao, na walikula. Binti yangu alipata mahindi ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, kisha bisi, ambazo nazo ni mahindi. Aiskrimu aliila katika kikombe badala ya koni, kwa kuwa koni ni ngano, na muuzaji alituonesha maandishi ya debe lake tukayasoma.

Adhuhuri, baada ya sala, tukafunua sufuria. Kijana yule alikaa mbali kidogo akitazama simu yake. Lakini baridi ya Machakos haina adabu, na chipsi hazikai tumboni. Baada ya muda mfupi alisogea, akaomba kijiko. Sufuria ikaisha kabla ya wazee kuonja mara ya pili. Wakati wa kurudi, kiondo kilibebwa na yeye bila kuambiwa. Sijui kama alisahau watu wa Nairobi au kilikuwa chepesi.

TUNAWEZA NASI

Tuliporudi Mombasa, mke wangu alikaa akavihesabu vyakula vyetu wenyewe, na hesabu ikatushangaza. Vitumbua ni mchele. Mkate wa sinia ni mchele, nazi na hamira. Bajia za dengu hazina ngano, mradi mafuta yawe yake peke yake. Wali wa nazi, pilau, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, ndizi za kupika, uji wa mchele, vyote havina neno. Viazi vya karai ulizia unga wake, maana wengine hutumia dengu na wengine ngano. Halua nayo ulizia wanga umetoka katika nafaka gani. Kumbe nusu ya futari yetu ilikuwa ya wote tangu zamani, isipokuwa tulikuwa tumeiweka nyuma ya chapati.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata sinia ya watoto nyumbani kwetu haikuwa na ngano kabisa. Haikutangazwa wala haikuelezwa. Vitumbua, mbaazi, mkate wa sinia, tende na uji vilikaa katikati, na binti yangu akakaa pamoja na wenziwe. Sambusa na kaimati ziliwekwa meza nyingine kwa wazitakao. Hakuna mgeni aliyelalamika kuwa hakuheshimiwa.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtoto anayeharisha bila kukoma, au asiyekua, au mwenye upungufu wa damu usiosikia dawa, mpeleke kwa daktari, umtajie siliaki kwa jina. Lakini usimwachishe ngano kabla hajapimwa, kwa maana akiisha kuiacha, vipimo huweza kuonesha kuwa hana kitu ilhali anacho. Na ukiwa huna maradhi, usiache mkate wako kwa sababu ya uvumi.

Ama ukialikwa kupika arusini, na mtu akakuambia yupo mtoto asiyekula ngano, usimhurumie kwa kumwekea kibakuli pembeni. Chagua chakula kimoja katika vile vya wazee wetu, ukipike kingi, mwiko wake uwe safi na mafuta yake yasikaangiwe kitu kingine, kisha ukiweke katikati ya sinia. Mama wa Kathiani aliona haya kuutoa muthokoi wake. Laiti angejua kwamba katika nyumba zote tulizoalikwa mwaka ule, kwake yeye tu ndiko mwanangu alikoalikwa kweli.